Nguo za Asiyepimika

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuna suruali iliyoingia dukani kwake ikatoka na pindo lake la mwanzo. Ungempelekea kifungo tu cha kubandika, yeye angeigeuza nguo ndani nje, akaguna, akauliza, "Aliyekushonea hii alikuwa anawahi wapi?" Kisha angeifumua. Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na cherehani ya miguu karibu na dirisha, meza ya kukatia, pasi, na msumari mmoja uliobebeshwa hanga nyingi kuliko uwezo wake. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama mkwe wake.

Mumewe alikuwa amefariki zamani. Watu walidhani angerudi kwao, lakini yeye na bibi yule walikuwa wamezoeana, wakigombana asubuhi na kucheka mchana. Kisha bibi akaanza kusahau. Alisahau funguo, akasahau majina, halafu akasahau kwamba mwanawe amekufa. Kila alipomuulizia, shangazi alimjibu, "Bado hajarudi, mama." Kila siku alimwogesha, akamvisha, akamchana nywele, akamkalisha kwenye kiti cha kamba nyuma ya pazia la mlango ili asikie mlio wa cherehani. Mlio ule ulimtuliza.

Haya nayasimulia kama alivyonisimulia mwenyewe, na shangazi hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Siku moja mchana aliingia mzee mwembamba, amevaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi vizuri, mguuni kandambili. Alikuwa kuhani wa hekalu la Wahindu, lile jengo dogo lililobanwa kati ya duka la vipuri na ukuta wa shule. Shangazi alipita mbele yake kila alipokwenda sokoni, na hakuwahi kuchungulia ndani. Mzee akafungua mfuko, akatoa vazi la hariri la kijani lenye uzi wa dhahabu shingoni, limechakaa kwenye makwapa.

"Nataka lingine kama hili, mama. Aliyekuwa anashona ni mke wangu. Ametutoka."

"Pole sana, mzee." Shangazi akalitandaza vazi mezani. "Ni la mtoto?"

"Si la mtoto."

"La nani basi? Maana hili halimwingii mtu mzima."

"La Mungu," akasema kuhani.

Shangazi akacheka. Halafu akaona mzee hacheki. Alikuwa amesimama tu, kama mteja yeyote anayengoja kuambiwa nguo itakuwa tayari lini. Nyuma ya pazia bibi akapaza sauti, "Nani huyo anashonewa?"

"Mungu, mama!" shangazi akajibu, hajui auweke wapi uso wake.

"Mwambie aje mwenyewe apimwe."

Kuhani akatabasamu. "Mama yako amesema kweli. Ila itabidi wewe ndiye uje."

Shangazi akaenda. Alivua viatu mlangoni, akakanyaga sakafu ya marumaru iliyokuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Ndani palinuka kafuri na maua yaliyoanza kunyauka. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kidogo kilichofungwa kwa pazia zito jekundu. Kuhani akamweleza masharti. Chumbani humo anaingia yeye peke yake, kwa kuwa ndiye anayemwamsha Mungu asubuhi, anayemwogesha, anayemvisha, anayemwandalia chakula na kumpumzisha mchana. Shangazi angesimama nje, apitishe futi yake ya kupimia chini ya pazia, na kuhani angemsomea vipimo kutoka ndani.

"Mnamwamsha?" shangazi akauliza. "Kwani Mungu hulala?"

"Halali. Hana njaa, hana uchovu, hana hata umbo. Lakini sisi tuna mikono, mama, na mikono inataka kumfanyia kitu yule inayempenda. Kwa hiyo amekubali kuwa mdogo, akakaa hapa, tukamtunza."

Shangazi akaandika vipimo kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akarudi kwake. Alishona vazi lile kwa uangalifu kuliko gauni la bi harusi.

Likarudishwa. Linabana kifuani.

Akajilaumu, akaenda kupima upya, akashona la pili. Nalo likarudi, safari hii linabana mabegani. Kilichomsumbua zaidi si kurudishiwa. Kila vazi alipolipokea mikononi lilikuwa na joto, kama nguo iliyovuliwa sasa hivi na mtu aliyetembea juani, na makwapani palikuwa na unyevu. Alilinusa. Halikunuka jasho. Lilinukia udongo uliomwagiwa maji.

"Mzee, tusifichane," akamwambia kuhani. "Macho yako yanakusaidia kweli kusoma namba?"

"Namba nilisoma sawasawa. Siku ile ndivyo alivyokuwa."

"Jiwe halinenepi, mzee wangu."

"Nani amekuambia unashonea jiwe?"

Wakaketi ngazini. Kuhani akamweleza kwa jinsi alivyofundishwa yeye, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Jiwe lilichongwa na fundi, akasema, na lilipokuwa kwa fundi lilikuwa jiwe tu, hata kuku wangeweza kulikalia. Siku lilipowekwa hekaluni waliomba aingie, naye akaingia. Mungu kwao ni mmoja, humwita Brahman, asiye na sura, asiye na mwanzo, aliye ndani ya kila kitu. Huyu wanayemvisha wanamwita Vishnu, mtunzaji wa vyote. Wengine humwendea kwa jina la Shiva, wengine humwita Mama.

"Mbona majina mengi hivyo?"

"Wewe kwa mteja ni fundi, kwa watoto wa kaka yako ni shangazi, kwa yule bibi ni mkwe. Umegawanyika?"

"Sijagawanyika. Nimechoka tu."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Shangazi naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa bado imeshika lile vazi, na joto lilikuwa bado halijaisha.

Nyumbani mambo hayakukaa kimya. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa lori, alipita siku moja akaikuta hariri mezani.

"Shemeji, nasikia siku hizi unashonea masanamu."

"Nashona nguo."

"Na dini yako?"

"Dini yangu iko palepale nilipoiacha asubuhi. Wewe mama yako ulimwogesha lini?"

Shemeji akatazama saa, akasema lori liko vibaya barabarani, akaondoka.

Siku ambayo shangazi hakupenda kuisimulia, lakini akaisimulia, ilikuwa mchana, hekalu tupu, pazia limefungwa kwa mapumziko. Alikuwa amekwenda kupima tena. Kuhani alikuwa amekaa mwisho wa pili wa ukumbi, karibu na mlango, anasugua taa za shaba.

"Nakuja, mama," akasema. "Tangulia."

Shangazi hakujua kama neno lile lilimaanisha atangulie kukaa au atangulie kufanya nini. Akachuchumaa, akaisukuma ncha ya futi chini ya pazia, akaishika upande wake, akangoja.

Futi ikapokewa.

Ilipokewa taratibu, aliniambia, kama mtu anavyokupokea kikombe asimwage. Ikavutwa. Ikateleza kwenye vidole vyake, ikasimama, ikateleza tena, kama inavyofanya inapozungushwa mwilini na mtu anayejua kazi. Kisha ikakaza. Shangazi akaangalia namba iliyokuwa kwenye kidole gumba chake.

"Hiki ni kifua, mzee?" akauliza.

"Unasemaje?" kuhani akajibu, nyuma yake.

Akageuka. Mzee alikuwa palepale mlangoni, kitambaa mkono huu, taa mkono huu. Ukumbini hapakuwa na mtu mwingine. Na futi ilikuwa bado imekaza. Aliihisi ikitulia na kukaza kidogo, ikitulia na kukaza, kama inavyofanya juu ya kifua kinachopumua.

Halafu ikaachiwa. Akaivuta yote, ina joto tangu ncha hadi ncha. Aliikunja, akaitia mkobani, akatembea hadi mlangoni, akavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, na kuhani akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umepata kipimo?"

"Nimepata," akasema.

Vazi aliloshona kwa kipimo kile halikurudishwa. Siku moja wakati wa ibada alisimama nje ya mlango akachungulia, pazia likiwa wazi, na kwa mbali, katikati ya taa na maua, akaona uso mweusi unaong'aa na hariri yake imekaa vizuri, imejaa mabegani kama ilivyojaa kwa mwanamume mwenye afya.

Lakini tangu futi ile ipokewe, shangazi hakuwa peke yake. Si kwamba aliona kitu. Akiinama kutia uzi kwenye sindano, alihisi kuna mtu nyuma yake anayengoja amalize, bila haraka, bila kuchoka. Akigeuka, ni ukuta. Akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini dukani kwake mwenyewe, hata wateja wakamuuliza kama ana mgonjwa mahututi ndani. Akaanza kufunga mlango wa bafu kwa kitasa na kwa ndoo.

Asubuhi moja, anamfunga bibi vifungo vya gauni, bibi akatazama juu ya bega la shangazi, akakunja uso.

"Wewe mtoto hujafunzwa adabu? Mgeni anasimama muda wote huo, humpi hata kiti?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo hapo." Bibi akainamisha kichwa kwa heshima, akielekea mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Msamehe, baba. Ana kazi nyingi."

Shangazi aliacha vifungo vimefungwa nusu, akaenda hekaluni na kanga mabegani, hajachana hata nywele.

"Mwambie abaki huku," akamwambia kuhani. "Mimi nilikuja kushona tu."

"Nani abaki huku?"

"Unamjua."

Kuhani akaweka chini sahani ya maua. "Mama, wewe unadhani umemchukua hapa ukaenda naye kwako? Alikuwa kwako kabla hujanunua cherehani. Aliye nyuma ya pazia hili ndiye aliye ndani yako, ndiye aliye ndani ya yule bibi, ndiye aliye ndani ya paka wa jirani. Hapa tumemwekea mlango tu, tujue pa kubisha hodi."

"Na hilo ndilo la kunituliza?"

"Sijasema nakutuliza."

Akarudi nyumbani. Angefanya nini? Nguo za watu zilikuwa zinangoja.

Mvua zilipoanza, kuhani akaja dukani, uso umemshuka. Alipokuwa akimwogesha Mungu aliona ufa mguuni, umezunguka kama uzi. Sanamu iliyopasuka haifai kuabudiwa, akasema. Itabidi amwombe atoke, ahamie kwenye maji ya mtungi mdogo wa shaba, akae humo mpaka jiwe jipya lichongwe. Alitaka kifuniko cha mtungi.

"Atatosha humo?" shangazi akauliza, na akajishangaa kwamba anauliza kwa dhati.

"Anatosha popote."

Siku ya kuhama, shangazi alisimama nyuma kabisa ya waumini. Kuhani alikuwa nyuma ya pazia, anasoma kwa lugha ambayo shangazi hakuielewa, muda mrefu. Duka la vipuri lilikuwa linagonga vyuma vyake kama kawaida. Kisha sauti ya kuhani ikakatika, na kitu kingine kikakatika pamoja nayo. Shangazi alisema ilikuwa kama friji inapoacha kuvuma, ndipo unapojua kwamba muda wote ilikuwa inavuma. Kuhani akatoka ameukumbatia mtungi kwa mikono miwili. Ulikuwa mtungi wa kubebwa na mtoto, lakini mzee alikuwa anatokwa jasho, na kila hatua aliipima kwanza kwa kidole cha mguu. Watu wakampisha, wakainamisha vichwa.

Waumini walipotawanyika, kuhani akamwita. "Sasa unaweza kuingia, mama. Hamna mtu."

Shangazi akapita pazia kwa mara ya kwanza. Kilikuwa chumba kidogo tu, kuta zimeingia moshi wa taa. Juu ya kibao palikuwa na jiwe jeusi lililochongwa, na hariri yake ya mwisho ilikuwa imelifunika jiwe lote, imemwagika hadi sakafuni. Akaiondoa. Sanamu haikuzidi urefu wa mkono wake tangu kiwiko hadi ncha ya kidole. Hata lile vazi la kijani alilolishona marehemu mke wa kuhani lisingekaa mabegani mwake, lingeanguka. Akatoa futi, akapima kifua. Akapima tena. Namba ileile ndogo, na jiwe baridi kama jiwe.

Lilipokuwa na mwenyewe hakuliogopa kama alivyoliogopa sasa lilipokuwa tupu.

"Mzee," akaita, "nguo zangu zilikuwa zinashikwa na nini?"

Kuhani alikuwa nje, karibu na mtungi. "Si ulikuwa unapima mwenyewe?" akasema.

Mungu akiwa bado mtungini, bibi akafariki. Ilikuwa asubuhi, shangazi anamchana nywele, bibi anauliza kama mwanawe amerudi. Shangazi akafungua mdomo kujibu kama siku zote, na kichwa cha bibi kikazidi uzito kidogo chini ya kitana. Basi, ikawa hivyo. Alipompima kwa ajili ya sanda alilia kwa sauti, kwa sababu bibi alipokuwa hai hakuwahi kutulia akapimika. Daima aligeuka, akajikuna, akauliza nani amekuja. Shemeji alibeba jeneza upande wa kichwa, na baada ya mazishi alikaa dukani akishika kofia.

"Mama aliniulizia?"

"Alikuulizia," shangazi akasema. Jina alilokuwa akiita bibi hakumtajia.

Watu walipoondoka, nyumba ikabaki na mlio wa mvua peke yake. Shangazi akaketi kwenye cherehani, akahisi kule nyuma yake kunangojwa kama kawaida. Akakitazama kiti cha kamba cha bibi. Hofu ilikuwapo, aliniambia, lakini ilikuwa imechoka kama yeye.

"Kama upo," akasema, "kaa."

Kamba za kiti zikalia. Zililia polepole, kama zinavyolia mtu mzito anapoketi kwa uangalifu. Shangazi hakukimbia. Aliweka mguu kwenye cherehani akaanza kushona, na hakugeuka tena mpaka alipomaliza suruali zote zilizokuwa mezani.

Jiwe jipya lilipofika, kuhani alitaka vipimo vipya. Shangazi akakataa. "Sipimi tena," akasema. "Nitaacha kitambaa kingi kwenye mshono, nitafunga kwa kamba. Atavaa anavyotaka."

Akaalikwa siku ya kuingia. Kuhani akamweleza kwamba mwisho wa yote ni macho. Fundi aliyechonga jiwe angeyagusa macho kwa sindano ya dhahabu, na mbele ya uso kingeshikwa kioo, kwa sababu mtazamo wa kwanza ni mzito mno kumwangukia mtu. "Simama pembeni, mama. Usiangalie kioo."

Alisimama pembeni. Aliangalia kioo.

Alitegemea macho ya jiwe. Kwa jinsi kioo kilivyoinamishwa, alijiona mwenyewe, kanga yake, mkunjo wa paji lake. Lakini yule wa kwenye kioo hakuwa anamtazama yeye. Shangazi alikuwa ametazama mbele, hajageuza shingo, na yule wa kwenye kioo alikuwa anahamisha macho, taratibu, kutoka uso hadi uso wa watu waliojaa ukumbini, akimpa kila mmoja muda wake, kama anayewajua wote tangu hawajazaliwa. Mwisho akamfikia shangazi. Hapo kengele zikapigwa, kioo kikaondolewa, na watu wakainama chini.

Alitoka nje akiwa peku, akaketi ngazini. Shule ilikuwa inafungua milango. Watoto wakapita mbele yake makundi kwa makundi, wakisukumana, na kila aliyemtupia jicho alikuwa na mtazamo ule wa kwenye kioo, hata shangazi, mwanamke wa mvi, akajikuta anamwamkia yeye kwanza. "Shikamoo," akamwambia huyu. "Shikamoo," akamwambia yule. Hakuweza kujizuia. Watoto walivunjika mbavu, wakadhani mama wa watu amechanganyikiwa.

Mmoja tu hakucheka, msichana mdogo aliyekuwa akivuta begi lake chini. Alisimama, akamtazama shangazi kwa utulivu wa mtu aliyeishi sana.

"Marahaba," akaitikia, akaendelea na safari yake.